Milimita 15 si mvua ya kupandia mahindi

Kila mwaka, ikifika wiki ya pili au ya tatu ya Oktoba, simu yangu hulia tangu alfajiri. Wingu moja limepita usiku, vumbi limelala, harufu ya udongo imeingia nyumbani. "Agronomu, mvula ilisha kunyesha, tunangoya nini?" Anayeuliza hivyo haombi ushauri. Jembe liko begani, mfuko wa mbegu umeshafunguliwa, anataka tu nimwambie ndiyo. Nikimwambia asubiri, ananiaga kwa heshima kisha anakwenda kupanda.

Wiki tatu baadaye anapiga tena, na safari hii anauliza mbegu zinapatikana wapi.

Kosa ninaloliandikia ni hilo: kupanda mahindi kwa mvua ya kwanza ya Oktoba. Nafasi kati ya mistari mnaijua, palizi mnaijua kuliko mimi. Hili mnalijua pia, ila kila mwaka mnalirudia, na nadhani ninajua sababu yake. Ni bei ya unga.

Hapa kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hatuli bukari, yaani ugali, ya mahindi ya Lubumbashi peke yake. Sehemu kubwa ya mahindi na unga wetu huingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa: ama yamelimwa Zambia, ama yamevuka Zambia yakitoka Afrika Kusini. Kwa hiyo jua likiwaka Choma au Monze, kusini mwa Zambia, meka, kile kipimo chetu cha mahindi na unga, inapanda bei kwenye masoko yetu ya Kenya na Njanja, hata kama hapa kwetu mto Kafubu umejaa pomoni. Tuliliona hilo mwaka 2016, na tukaliona tena 2024. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Wilaya 84 kati ya 116 za Zambia zilikuwa zimepigwa, na karibu hekta milioni 1 za mahindi zilikuwa zimeharibika kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa. Mavuno yalishuka hadi tani milioni 1.5 hivi, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Serikali yoyote ikiona hesabu kama hiyo, jambo la kwanza ni kuzuia mahindi yasitoke nchini.

Na bei haingoji ghala liishe. Inapanda siku ile habari inapofika, maana mwenye magunia 100 anatoa 40 na kuyafungia 60 aone kesho itakuwaje. Mwaka uliofuata Zambia ilivuna zaidi ya tani milioni 3.6, lakini aliyenunua unga wa Februari 2024 kwa mkopo hakurudishiwa franka hata moja.

Basi mkulima wa njia ya Kipushi au ya Kasenga anajipigia hesabu yake. Miezi ya meka kuuma ni Januari hadi Machi, kwa sababu akiba ya nyumbani imekwisha na mavuno ya hapa ni Aprili na Mei. Akipanda Oktoba, mwisho wa Januari atakuwa na mahindi mabichi ya kuchoma, kuchemsha na kuuza kando ya barabara. Hesabu hiyo si ya kijinga. Tatizo ni kwamba ameweka ndani yake maji ambayo hayapo.

Chukueni takwimu za mvua za Lubumbashi. Kwa wastani Oktoba yote hupata milimita 30 tu, mwezi mzima. Novemba hupata karibu 150. Desemba, Januari na Februari kila mmoja hupata kama 250. Oktoba ndio pia mwezi wa joto kali kuliko yote. Udongo umekauka tangu Mei, na jua na upepo vinaweza kuondoa milimita 5 za maji kwa siku. Mvua ya milimita 15, ile inayojaza ndoo chini ya bati na kuwafanya watoto wacheze matopeni, ni maji ya siku tatu.

Mbegu ya mahindi iliyofukiwa sentimita 5 inahitaji siku 5 hadi 7 za unyevu mfululizo ili ichomoze. Siku ya kwanza na ya pili inakunywa na kuvimba. Siku ya tatu ganda linapasuka. Siku ya nne udongo umekauka, na mbegu iliyokwisha kupasuka hairudi kulala. Inakufa. Ingebaki kavu ingesubiri, lakini imekwisha kuamshwa.

Sasa fanyeni hivi. Kabla ya tarehe 1 Oktoba tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka kutoka juu hadi chini, kopo la maziwa ya unga linafaa. Bilauri pana juu na nyembamba chini haifai, itawadanganya. Lifungeni juu ya nguzo ya mita 1, mahali peupe, mbali na mti au nyumba mara mbili ya urefu wake. Mti wa mita 6, kaeni mita 12. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilifunga kopo langu karibu na mwembe, kwa sababu ndipo nilipopenda kukaa, nikasoma milimita 8 mahali ambapo jirani alisoma 21. Nikawachelewesha watu watatu kwa uvivu wangu.

Kila asubuhi saa moja, ingizeni rula ya mwanafunzi hadi chini, someni, andikeni, mwageni maji. Msiache maji ya leo yachanganyike na ya kesho. Angalieni pia kama sifuri ya rula inaanzia kwenye ncha yake. Rula nyingi zina nusu sentimita ya bure mbele ya sifuri, na nusu sentimita ni milimita 5, yaani siku nzima ya maji.

Halafu fungueni hesabu kama ya mwenye duka. Kila mvua inaingia, kila siku inayopita inatoa 5, na salio halishuki chini ya sifuri. Tuseme tarehe 22 Oktoba kopo limeonyesha 18. Tarehe 23 hakuna mvua, salio 13. Tarehe 24, 8. Tarehe 25, 3. Tarehe 26, sifuri. Aliyepanda tarehe 22 alikuwa na maji ya siku tatu na nusu, na mbegu ilitaka sita. Hakuna dawa wala maombi ya kubadilisha hilo.

Tuseme tena tarehe 12 Novemba imenyesha 14. Tarehe 13 imenyesha 9: toeni 5, ongezeni 9, salio 18. Tarehe 14 hakuna, 13. Tarehe 15 imenyesha 22: toeni 5, ongezeni 22, salio 30. Hapo ndipo pa kuamka na jembe tarehe 16. Milimita 30 ni maji ya siku sita, yanatosha kuitoa mbegu juu hata mvua ikinyamaza kidogo.

Nambari yangu ndiyo hiyo: salio la 30, na tarehe isiwe kabla ya 10 Novemba. Masharti yote mawili. Nasema tena, yote mawili, maana kuna atakayepata 30 tarehe 19 Oktoba kwa mvua moja ya radi akadhani nimempa ruhusa. Baada ya mvua ya namna hiyo mara nyingi hukaa siku kumi au kumi na tano bila tone. Miche itachomoza, itasimama vizuri kwa wiki moja ukaifurahia, kisha itajikunja kama sigara.

Kabla ya kupanda chimbeni pia, kwa sababu kopo linapima kilichoanguka na jembe linaonyesha kilichoingia. Kwenye shamba lenye mteremko, au lenye udongo mwekundu uliofunga juu, nusu ya mvua hukimbilia mtaroni. Chimbeni mahali patatu, si pamoja, hadi sentimita 20. Chukueni udongo wa chini kabisa, ukamueni mkononi. Ukishikamana kama donge la bukari na usivunjike ukiufungua mkono, pandeni. Ukimwagika kama unga, rudini nyumbani. Simu nazo zinawaambia kuna mvua Lubumbashi. Lubumbashi ni kubwa, na mvua ya Novemba inaweza kunyesha Ruashi isifike Annexe.

Mwenye bonde lenye maji na anayemwagilia kwa mkono, ushauri huu haumhusu. Yeye apande Agosti akitaka, na mahindi mabichi ya bei nzuri ni haki yake.

Nirudi kwenye hasara, kwa sababu wengi huihesabu vibaya. Husema, "Nimepoteza mbegu tu." Hekta moja inakula kilo 20 hadi 25 za mbegu, hizo ni pesa, lakini si hasara kubwa. Hasara kubwa inakuja na mbegu ya pili. Pesa imekwisha, bei ya kila kitu imepanda, basi mtu anakwenda sokoni kununua mahindi ya kula na kuyapanda. Au anapukuchua mahindi aliyobakiza kutoka kwa mbegu chotara za mwaka jana. Watoto wa chotara hawafanani na mama yao: mmoja mrefu, mmoja kibete, mwingine hana kitu, na mavuno yanashuka sana hata mvua ikiwa nzuri. Mwisho wa Mei mtu huyo anasema ni ukame. Ukame gani, kwa mvua ya milimita 1200 kwa mwaka? Ukame ulikuwa wa siku nane za Oktoba, aliupandia yeye mwenyewe.

Na mtu huyo ndiye anayerudi sokoni Januari kununua meka, pamoja na watu wa mjini wasio na shamba, wakati malori ya Kasumbalesa yamepungua. Wanunuzi wameongezeka, mzigo umepungua.

Kwa hiyo gawanyeni mbegu siku mnayoinunua. Kama mmefanikiwa kununua kilo 25, fungeni kilo 8 pembeni, mahali pakavu, na mama wa nyumba ashike ufunguo. Nimeona baba wengi wakizila kwa macho zile za akiba, lakini akina mama huwa hawazitoi ovyo.

Wale ambao wamekwisha kupanda mapema, wasikimbilie kujazia mapengo. Siku 12 baada ya kupanda, chukueni kamba ya mita 13 na sentimita 30. Ilazeni kando ya mstari, hesabuni miche iliyo hai. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, kamba hiyo ingekuwa na miche 53. Rudieni mahali patano tofauti, pateni wastani. Ikiwa ni 27 au zaidi, acheni shamba lilivyo. Ikiwa chini ya 27, ng'oeni yote mpande upya salio likifika 30. Kuchomeka mbegu mpya katikati ya miche ya wiki tatu ni kuwalisha viwavijeshi. Mdogo atafunikwa na mkubwa, hatabeba kitu, na atakuwa amekula mbolea ya ndugu yake.

Juu ya mbolea nitasema mara moja tu. Ile ya kupandia, 10-20-10, isigusane na mbegu: sentimita 5 pembeni, na udongo katikati. Kwenye udongo wenye maji machache chumvi ya mbolea inainyang'anya mbegu unyevu, na nimechimbua mashimo mengi nikakuta mbegu imegeuka kahawia kando ya mbolea iliyokaa salama kabisa. Urea ni wiki ya tatu hadi ya nne, kwenye udongo wenye unyevu, ifukiwe. Kuitupa juu ya udongo mkavu wakati wa jua la saa saba ni kutupa franka hewani, na wanaofanya hivyo wanajijua.

Jambo lingine linalosaidia ukame wa katikati, ule wa Januari au Februari ulioiua Zambia 2024: msipande shamba lote siku moja. Mahindi yanakuwa dhaifu kabisa yanapotoa mbelewele na ndevu, kama siku 60 hadi 65 baada ya kupanda, na siku kumi za jua kali wakati huo zinakula sehemu kubwa ya punje. Nusu ipandwe siku salio linapofika 30, nusu nyingine siku 10 hadi 14 baadaye, kwa sharti hilohilo. Ukavu ukija, utaikuta nusu moja kwenye ndevu na nyingine bado majani.

Hapo mtu huniuliza: nikingoja sana si nitachelewa? Ndiyo, utachelewa. Mwisho wangu ni tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo kila siku inapunguza mavuno, na mbegu ya siku 140 itakutana na mvua za Aprili zinazokatika, milimita 50 tu mwezi mzima. Kama tarehe 15 Desemba imepita, chukueni mbegu ya siku 90 hadi 105, au wekeni viazi vitamu, na maharage msubiri hadi Februari. Kati ya 10 Novemba na 15 Desemba kuna siku 35. Sijaona mwaka ambao salio halikufika 30 ndani ya siku hizo.

Mkifanya vizuri, siku ya nane mistari itaonekana kutoka barabarani bila kukatika.

Makopo yawe yamefungwa kwenye nguzo kabla ya 1 Oktoba, hata kama hakuna wingu. Anayenipigia tarehe 20 bila kunitajia salio lake, nitamwuliza kwanza kopo liko wapi.