Kujiandaa kupiga picha tamasha la muziki Dodoma: vumbi, jua na taa za jukwaani

Anayekwenda Dodoma kupiga picha za tamasha la muziki ni vyema auelewe kwanza mkoa wenyewe, kisha ndipo achague kamera na lenzi. Jiji liko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni za miezi michache, na msimu unaofaa kwa tamasha la wazi ni kiangazi, yaani tangu Mei hadi Novemba, wakati ardhi imekauka, upepo unavuma mchana kutwa, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mgeni kutoka Pwani huwa haitarajii. Kila kifaa ninachokipendekeza hapa kimepita kwanza katika swali moja: je, kitamsaidia mtu kufanya kazi katika vumbi, katika jua kali na katika baridi hiyo?

Jambo la pili ni kujua unakwenda tamasha la aina gani. Tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, linalofanyika Chamwino, mashariki mwa jiji, huwakutanisha wapiga zeze na marimba, waimbaji, na akina mama wa muheme, ambao huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku mwili mzima ukicheza. Muziki wa namna hiyo huchezwa juu ya udongo, mara nyingi mchana, na mpiga picha anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa mchezaji. Tamasha la bongofleva mjini ni kazi nyingine kabisa, kwa maana jukwaa liko juu, uzio uko mbele yako, na mwanga wote hutoka kwenye taa zinazobadilika kila nukta.

Vumbi

Nalipa vumbi nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Wachezaji wenye njuga miguuni wanapokanyaga kwa pamoja, udongo mkavu huinuka hadi kiunoni, na upepo huusambaza uwanja mzima. Kubadilisha lenzi katika hali hiyo ni kuialika sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga, kupata madoa yatakayoonekana katika kila picha yenye anga. Kwa hiyo, kama unazo kamera mbili, funga lenzi pana ya milimita 24–70 kwenye moja na ya 70–200 kwenye nyingine, kisha usizifungue hadi jioni. Mwenye kamera moja achague lenzi moja na kubaki nayo. Kwa Chamwino ningechagua ile pana, kwa sababu inampa mtu sababu ya kusogea karibu na kufahamiana na anaowapiga picha.

Beba pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini na kitambaa maalumu cha lenzi, na ufuate utaratibu huo huo: puliza kwanza, piga brashi, kisha ndipo ufute. Anayefuta lenzi kwa upindo wa shati kabla ya kupuliza anazisugua chembe za mchanga juu ya kioo, na mikwaruzo yake haitoki. Kichujio cha kioo kisicho na rangi mbele ya lenzi ni gharama ndogo katika mazingira haya. Khanga au kitenge kikubwa kitakufaa kufunika begi na kamera upepo unapozidi, na usiku utajifunika mwenyewe. Usitegemee kununua mfuko wa plastiki wa kubebea, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Vumbi pia huamua namna ya kutumia flashi. Flashi iliyowekwa juu ya kamera humulika kwanza chembe zilizo karibu na lenzi, na picha hujaa vidoto vyeupe vinavyoficha uso wa mchezaji. Lakini vumbi hilo hilo likipigwa na jua kutoka nyuma ya wachezaji huwa pazia la dhahabu, nalo ni zawadi ya kipekee ya Dodoma kwa mpiga picha. Kuanzia saa kumi alasiri simama upande wa mashariki wa uwanja ukitazama magharibi, pima mwanga usoni mwa mchezaji badala ya anga, na ukinge lenzi kwa kiganja ili miale isiingie moja kwa moja.

Mwanga wa mchana na wa usiku

Mwezi Julai jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwa Dodoma, hivyo anayetaka nyuso ziangazwe vizuri asimame kaskazini mwa kikundi, jua likiwa mgongoni mwake. Udongo mweupe na anga angavu huidanganya kamera ikatoa nyuso nyeusi mno. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya kituo au kituo kizima (kituo kimoja ni hatua inayozidisha mwanga maradufu). Kwa mikono ya wapiga muheme, shata ya 1/500 ya sekunde husimamisha kiganja hewani, ilhali 1/60 huacha viganja vififie na uso ubaki wazi ikiwa mpigaji ametuliza kichwa. Mimi huipendelea hiyo ya pili, kwa sababu msomaji wa picha huhisi mdundo ndani yake, japo picha nyingi zitaharibika kabla ya kupata moja iliyo safi.

Jua la Julai huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na kufikia saa moja giza limeshaingia, hivyo mipangilio ya usiku ijaribiwe mapema. Anza na upenyo wa lenzi wa f/2.8, au f/1.8 kwa lenzi ya bei nafuu ya milimita 50, shata 1/200 na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200. Sasa kamera hukosea kinyume na mchana: giza kubwa nyuma ya msanii huifanya iongeze mwanga kupita kiasi, na uso huungua, hivyo punguza kituo kimoja. Taa za LED zinaweza kuchora mistari ya giza kwenye picha. Ukiiona, acha shata ya kielektroniki utumie ya kimakanika, na ushuke hadi 1/100 au 1/50, kwani umeme wetu ni wa hezi 50. Hifadhi picha katika faili ghafi za RAW, kwa sababu taa nyekundu na za bluu hufuta maelezo ya uso ambayo faili za JPEG haziwezi kuyarudisha. Msubiri pia mwimbaji aondoe mdomo kwenye maikrofoni mwishoni mwa mstari, maana hapo ndipo uso wake huonekana wote.

Mwili wako nao ni kifaa

Vizibo vya masikio viwe begini daima. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda salama hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 mbele ya spika zinabaki dakika 15 tu. Chukua maji ya kutosha siku nzima, kofia pana, barakoa, viatu vilivyofunika vidole na sweta. Betri ziwe tatu au zaidi, pamoja na pawabanki, kwa kuwa kijijini soketi ya kuchajia haipatikani kirahisi. Pesa taslimu kidogo zitakusaidia kwa bodaboda na chakula.

Kwa safari, treni ya SGR inayofika Dodoma tangu mwaka 2024 imewarahisishia sana watu wa Dar es Salaam na Morogoro. Malazi yawekwe mapema, hasa kati ya Aprili na Juni wakati wa Bunge la Bajeti, na mwanzoni mwa Agosti wakati wa maonyesho ya Nanenane ya Nzuguni.

Ruhusa na heshima

Waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla, uwaeleze picha zitatumika wapi, uulize kuhusu kitambulisho na kama flashi inaruhusiwa. Katika matamasha makubwa ni kawaida wapiga picha kuruhusiwa mbele ya jukwaa kwa nyimbo tatu za mwanzo pekee. Kumbuka pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu anayetambulika si mali ya kila mwenye kamera. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Chamwino ndiko iliko Ikulu. Usiirushe bila kibali, wala usielekeze lenzi kwenye majengo ya ulinzi.

Fika uwanjani wakati ngoma zinapashwa moto ili ngozi zikaze. Wasalimie akina mama na wazee kwa shikamoo, na ukiweza uongeze "mbukwenyi" ya Kigogo, kisha uombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Chukua namba ya simu ya kiongozi wa kikundi na uandike jina la kikundi na kijiji siku hiyo hiyo, kwani maelezo ya picha yasiyo na majina huwanyima wasanii haki yao. Usiku nakili kadi sehemu mbili tofauti kabla ya kulala, na ndani ya wiki umtumie kiongozi huyo picha zilizochaguliwa. Kama kikundi kina wazee wasio na simu janja, chapisha chache na uzitume kwa basi.