Kabla hujadaunlodi programu ya bakapu ya bure, cheki haya kwanza

Bakapu yangu ya kwanza maishani, yaani nakala ya akiba ya mafaili yangu, niliiweka diski D. Fundi alivyonipigia Windows aligawa na diski vipande viwili, C na D, akaniambia vitu vyako vya maana weka D, hata C ikifa D inabaki, nami nikaishi na imani hiyo miaka mitatu mpaka siku laptopu ilipoanza kulia tik tik tik ikagoma kuwaka. Ndo nikajua C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, moto ukishika paa hakuna cha sebuleni wala cha chumbani.

Kwa hiyo kabla hata hujauliza programu gani nzuri, jiulize bakapu itakaa wapi. Iwe nje ya kompyuta, eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) yenye nafasi kama mara mbili ya vitu ulivyonavyo, maana nyingi ya hizi programu zinatunza na matoleo ya nyuma ya faili, sio la leo peke yake. Na ukienda kununua, hizi flashi za TB 2 zinazouzwa bei ya chipsi kuku achana nazo kabisa. Zimechezewa ndani zidanganye, kompyuta inasoma TB 2 wakati kuna GB 32 tu, unakopi vizuri, majina ya mafaili yote unayaona yamejipanga, siku ya kufungua hamna kitu. Yoyote usiyoiamini ijaribu na H2testw kama uko Windows au F3 kama ni Linux au Mac, zote za bure, zinaijaza mpaka mwisho alafu zinasoma kilichoandikwa kama ndicho chenyewe. Inachukua masaa, wewe iache usiku, umeme ukikubali.

Fomati nayo iangalie, yaani mpangilio ambao diski inatunzia mafaili. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu itagoma hata kama diski iko tupu, weka exFAT ambayo Windows na Mac zote zinaisoma. Wenye Mac nyie mna Time Machine humo humo tangu 2007, hamna haja ya kudaunlodi chochote, ila ikikuta diski ambayo haiko kwenye fomati yake itaomba kuifuta, na watu wanabonyeza ndiyo huku muvi na kazi za ofisi zimo. Hamisha kwanza.

Jambo lingine ni kujua unabakapu nini: mafaili yako tu, au kompyuta nzima na Windows yake na programu zake ili ikifa urudishe kama ilivyokuwa. Hapa ndo wengi wanachanganya. File History ipo ndani ya Windows tangu Windows 8, inachukua mafaili ya sehemu kama Documents, Pictures na Desktop, ukiwa na folda yako umeiweka pembeni huko D isipoongezwa haihesabiki. Ya kompyuta nzima kuna Veeam Agent toleo la bure, au Clonezilla na Rescuezilla ambazo unaziwasha kutoka kwenye flashi (Rescuezilla ina vitufe vya kubonyeza, Clonezilla sura yake inatisha kidogo). Ukiona video ya zamani inakusifia Macrium Reflect ya bure, hiyo ilishasitishwa, marekebisho ya usalama yaliishia mwanzoni mwa 2024. Linux ni hivyo hivyo, Timeshift inalinda mfumo ila folda yako ya home haiigusi usipoiambia, ya mafaili tumia Déjà Dup.

Alafu BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski. Laptopu nyingi za Windows 11 zimejifunga zenyewe na mwenyewe hajui, ukianza kugusagusa BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) ili uwashe kwa flashi inakuomba namba 48 za kufungulia. Zitafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, ziandike kwenye karatasi. Na ukichagua Duplicati au restic, programu za bakapu ambazo zinakubali Windows, Mac na Linux, na ukaweka paswodi ya kufunga bakapu, iandike hapo hapo pia kwa sababu ukiisahau hamna fundi wa kukusaidia.

Kuhusu mtandaoni, Google anakupa GB 15 bure, OneDrive GB 5, zinatosha vyeti na barua. Ila GB 100 kwa intaneti inayopandisha Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) ni kama masaa 44 mfululizo, piga hesabu ya bando lako. Na folda inayojisinki, yaani inayojifananisha yenyewe na ya mtandaoni, sio bakapu hasa, ukifuta kwenye kompyuta na kule inafutika.

La mwisho, rudisha. Kila mwezi mi nachagua mafaili mawili nayarudisha kwenye folda mpya nayafungua. Mwezi uliopita nilichagua eksel ya madeni na picha ya mahafali ya mdogo wangu, eksel ikafunguka, picha haimo kabisa, kumbe picha zote za mwaka huu nilikuwa nazimwaga D na programu haijawahi kuambiwa iangalie huko. Na kila Ijumaa ilikuwa inaniandikia kwa kijani, imekamilika.