LHCII chini ya leza: kupima unyumbufu, molekuli moja moja

Kwa maabara ya Nairobi inayoanza, LHCII, protini ya mimea inayonasa mwanga wa jua, ndiyo nafuu. Majani yamejaa nayo, na kila trima (nakala tatu zilizoshikana) ina klorofili 42, kwa hiyo hata ikiwa pekee hadubini huiona. Unachowinda ni mng'ao unaozimika ghafla protini inapobadili umbo, kisha kuwaka tena. Ubaya ni kwamba oksijeni, asidi na leza yenyewe huzima vilevile, na kwenye grafu huwezi kuzitofautisha kwa macho.

"Spinachi" ya Marikiti ni Beta vulgaris, si Spinacia oleracea ya machapisho mengi. Itafaa, ila andika jina sahihi daftarini.

Trima ikishatengwa, izimue kutoka maikromola 1: mara 1,000, kisha mara 100, ufike pikomola 10. Bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) iwe HEPES milimola 20, pH 8, na DDM, sabuni laini inayoshikilia protini majini, asilimia 0.03 katika kila hatua. DDM ikishuka chini ya asilimia 0.009 hivi, miseli (vifundo vya sabuni vinavyoizunguka protini) huvunjika, protini hugandana, na zilizogandana hujizima zenyewe. Dondosha kwenye kioo cha milimita 0.17 kilichopakwa poli-L-lisini, subiri dakika chache, suuza kwa bafa ileile.

Kuondoa oksijeni ndiko kunakoponza wengi. Vimeng'enya glukosi oksidezi na katalezi huila vizuri, lakini hutoa asidi ya glukoniki, na bafa ya milimola 20 haistahimili muda mrefu. pH ikiteremka kuelekea 5.5, LHCII huzimika mara nyingi zaidi, nawe unaandika ripoti ya unyumbufu kumbe umepima asidi. Ziba chemba kabisa, maana hewa ikizidi kuvuja asidi nayo huongezeka. Weka mchanganyiko uleule bila LHCII pembeni, upime pH yake kila nusu saa. Ikianza kushuka, badilisha bafa.

Leza ya nanomita 633 inatosha. Kusanya mwanga wa karibu nanomita 680, ukihesabu fotoni kila milisekunde 10. Unganisha leza na UPS (betri ya akiba): stima ikipotea, leza ikirudi huchukua muda kutulia, na data ya kipindi hicho haifai.

Kisha rudia kipimo kwa nusu ya nguvu ya leza na kwa maradufu. Kasi ya kuzimika ikipanda sambamba na nguvu, mwanga ndio unaochochea. Isipobadilika, protini inajigeuza yenyewe kwa joto. Mara nyingi utakuta vyote viwili. Molekuli ambazo mng'ao wake unahamia karibu nanomita 700 usizifute kama takataka. Zipe faili lake.