Matuta ya milimani Kigoma: tusifike walikofika Nzwani

Masika yakikolea, simama kando ya Mto Luiche uangalie maji yanavyoshuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Ule ni udongo wa juu, wenye mbolea, wa shamba la mtu fulani huko mlimani.

Nzwani, kisiwa cha Komoro chenye kilomita za mraba 424 tu, ni milima mitupu, na mvua si haba. Hata hivyo mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa ni makorongo ya mawe: hufurika mvua ikinyesha, kisha hukauka. Misitu ya juu ilifyekwa kupata mashamba, na kuni nyingi huishia kwenye mitambo ya kukamulia mafuta ya langilangi, maua ya kutengenezea manukato. Sisi hatuna langilangi, tuna mawese, na anayechemsha chikichi anajua kuni zinavyokwenda. Makapi yake usiyatupe. Yaanike, yanawaka vizuri kwenye jiko la udongo.

Sasa shambani. Wengi wetu tunalima matuta ya kushuka na mteremko kwa sababu mgongo hauumi sana. Ni kuchimbia maji njia. Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2, ifunge juu, weka mti wa kukingama katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembea nayo kukata mteremko, ukipigilia vigingi kila mguu unapokaa sawa.

Fuata vigingi hivyo, chimba mtaro wa sentimita 60 kwenda chini, udongo ukiutupa upande wa juu. Ndiyo fanya juu. Juu ya tuta panda mabingobingo, mbuzi watakushukuru. Mteremko ukiwa mkali, mitaro ikaribiane.

Kazi hii ni ya Septemba. Ardhi ni ngumu, najua, lakini ukingoja Novemba utakuwa unagombania jembe na maharage. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, zunguka shamba zima: tuta lililopasuka lizibwe siku hiyohiyo, kabla ya mvua ya pili.