Toboa sakafu mara mbili, usikate yote kwa mkupuo

Kwa anayebadilisha gari la kale kutoka giaboksi ya otomatiki kwenda ya kawaida, ya kubadili gia kwa mkono, jambo nililojifunza wiki hii katika karakana moja ya Unga Limited hapa Arusha ni hili: usikate tundu la mkono wa gia kwa kipimo cha futi pekee. Funga kwanza giaboksi mahali pake, boliti zote zikiwa zimekazwa na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha toboa tundu dogo linalopitisha ngumi, chomeka mkono wa gia, uingize gia zote ikiwemo ya rivasi, na kila unapofika mwisho weka alama ya chaki kwenye bati. Ongeza sentimita 2 kuzunguka alama hizo ndipo uwashe grenda. Nafasi hiyo ya ziada si anasa, kwa sababu injini huyumba juu ya raba zinazoibeba unapokanyaga mafuta, na mkono usio na nafasi hugonga ukingo wa bati hadi gia ichomoke yenyewe. Njia hii haifai ikiwa raba zimechoka, kwani utapima giaboksi iliyolala upande. Badilisha raba kwanza. Vilevile, alama ikiangukia boriti ya chasi inayopita chini ya sakafu, acha kukata, tafuta mkono uliopinda. Na zulia litolewe kabla ya cheche. Letu lilianza kufuka moshi.