Ukitoa nyanya ukapanda hoho, hujabadilisha zao

Naandika hili kwa sababu nimeshalikuta mara nyingi mno. Kila shamba la nyanya linalonyauka huku Iringa nauliza kabla yake palikuwa na nini, najibiwa bwana shamba mbona nilibadilisha zao, palikuwa na viazi mviringo, mwingine hoho, mwingine nyanya chungu. Ndugu zangu hapo hamjabadilisha kitu, mmemtoa kaka mkamleta mdogo wake wa tumbo moja.

Chuma ua la nyanya, la biringanya na la kiazi mviringo uyaweke kiganjani. Petali tano zimeshikana chini, katikati vifuko vya chavua vya njano vimebanana vikatoa ncha kama penseli. Angalia na mnavu, angalia na ndulele ya porini, ni hivyo hivyo, rangi ya petali tu ndo inatofautiana. Hoho na tumbaku nazo ni ukoo huo, ila wa mbali kidogo. Linnaeus, mtaalamu aliyeipa mimea majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliiweka nyanya jenasi moja (kikundi cha jamaa wa karibu) na kiazi, wenzake wakaitoa, vipimo vya DNA vikaja kuirudisha. Sasa mimea iliyotoka kwa babu mmoja ina mwili unaofanana, na ugonjwa unaojua mlango wa mmoja unaujua na wa mwenzake. Na wadudu ni hivyo hivyo, ndo maana kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, tangu aingie nchini 2014 akikosa nyanya anahamia kwenye viazi na mnavu.

Kiazi kitamu hakimo, jina lisikuchanganye. Kile ni mzizi, ua lake kama tarumbeta. Kiazi mviringo ni shina lililovimba, yale macho yake ni machipukizi.

Kama mmea unanyauka ungali kijani usikimbilie dawa ya ukungu, ni hela unatupa. Kata kipande cha shina sentimita 5 hadi 8 karibu na udongo, kining'inize ncha yake iguse maji safi kwenye glasi ya kuona, usitikise, subiri dakika 3 hadi 5. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka basi ni mnyauko bakteria na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya.

Hapo pumzisha ukoo mzima miaka 3 angalau. MIAKA, sio misimu! Mtu analima misimu mitatu ya umwagiliaji kwa mwaka, anapumzisha mmoja, miezi minne tu, halafu ananipigia simu analia. Weka mahindi, vitunguu, kabichi. Karanga na tangawizi usiweke, sio ukoo huu lakini bakteria huyu anazipata. Na ng'oa kila wiki viazi vinavyojiotea, mnavu na ndulele, maana ukiacha hata michache umemtunzia bakteria chakula miaka yote hiyo. Jembe likitoka kwenye shamba linaloumwa lisafishe udongo kwanza, kisha loweka dakika 10 kwenye jiki sehemu 1 na maji sehemu 9. Maji ya mfereji yaliyopita kwa jirani anayeumwa usiyaingize kwako.

Asiye na eneo lingine, undugu huo huo unamsaidia, nyanya inakubali kubebeshwa juu ya shina la biringanya linalostahimili mnyauko. Mashina yawe na unene sawa, kata yote mawili mshazari kwa pembe ya nyuzi 45, yaunganishe, bana na klipu, funika kivulini penye unyevu siku 5 hadi 7, na unapopanda kile kiungo kibaki juu ya udongo, ukikifukia nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote imeharibika.

Mmea ukisimama mpaka mavuno bila kunyauka, umepatia.