Ritifaa ya Kiingereza: iweke wapi, iache wapi

Ritifaa ni kile kialama kilichopo kwenye “ng'ombe”. Kwetu ni sehemu ya sauti. Kwenye Kiingereza ina kazi mbili, umiliki na ufupisho, na kuonyesha wingi si mojawapo. Mabango ya Arusha na Moshi huteleza hapo: “Safari's”, “Taxi's”, “Photo's”. Magari yakiwa mengi ni “taxis” tu. Hata vifupisho na miaka: “ATMs”, “1990s”.

Umiliki ndio wenye kazi. Kabla maandishi hayajaenda kwa mchora mabango, yaseme kwa Kiswahili. Kama hakuna “ya”, “wa”, “la” au neno jingine la aina hiyo katikati, futa ritifaa. Ikiwepo, usishangilie bado, uliza mali ni ya nani. Duka la kahawa ni “coffee shop” bila alama yoyote, maana kahawa haimiliki duka. Hema la mpagazi lina mwenyewe: “the porter's tent”.

Mwenye mali akishajulikana, andika jina lake likiwa kamili, la mmoja au la wengi, halafu ndipo uweke ritifaa na “s”. Wingi ulioishia na “s” hauongezewi nyingine: hema la wapagazi wote ni “the porters' tent”. Kwa hiyo fulana ya Machi 8 iliyoandikwa “Womens' Day” ina kosa, kwa sababu neno “womens” halipo. Wingi ni “women”, hivyo “Women's Day”. Mei Mosi ni “Workers' Day”, kwani wafanyakazi ni “workers”. Na Gilman's Point, mita 5,685 kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ina jina la mtu mmoja. Majina kama James yanakubali “James's” au “James'”. Chagua moja, usichanganye kwenye kipeperushi kimoja.

Muda nao humiliki: notisi ya siku saba ni “seven days' notice”. Lakini ukiweka kistari, “seven-day trek”, ritifaa haina nafasi.

“Its”, “yours”, “hers”, “ours” na “theirs” tayari zina umiliki ndani yake, haziguswi. “It's” ni ufupisho wa “it is” au “it has”. Isome kwa kirefu: “the lodge and it is garden” haisomeki, basi ni “its”. Pima hivyohivyo “you're” na “your”, “who's” na “whose”. Kwenye “don't” alama hukaa pale ilipodondoka “o”, kwa hiyo “do'nt” si sahihi.

Kwa wanaochapa: ritifaa hufanana na mkato ulioinuliwa juu, kichwa kinene, mkia chini. Kompyuta huigeuza ikiwa mwanzoni mwa neno, kama ’90s. Kwenye Windows shikilia Alt, bonyeza 0146 kwenye vitufe vya namba vya pembeni. Ile alama iliyolala (`), ya kitufe kilicho juu ya Tab, ni kitu kingine kabisa, na kwenye bango la mita tatu inaonekana hata ukiwa ndani ya daladala.